Folda ya Kila Mtu

Mtaani kwetu hapa Nachingwea wananitania kwamba siku nikionekana nje ya ua wangu, watu waanue upesi ufuta wao, mvua haiko mbali. Sibishi. Chumba cha mbele cha nyumba yangu ndicho ofisi yangu: kompyuta ya mezani, mashine ya kuchapia, mashine ya kutoa kopi, na benchi la wateja. Kutoka kitandani mpaka kazini ni hatua kumi na mbili, na kuna siku hata hizo naziona nyingi.

Anayesafiri ni mke wangu. Yeye ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya sekondari kule Ruangwa. Kwao ni Kagera. Huku kusini aliletwa na barua ya ajira, akanikuta mimi nimekaa. Jumatatu hadi Ijumaa anaishi kwenye chumba cha kupanga karibu na shule, Ijumaa jioni anarudi nyumbani. Ndugu zangu Wamwera wanasema mimi ndiye niliyeolewa, kwa kuwa ndiye ninayebaki kufua na kungoja. Nacheka nao. Ila yaliyotokea wiki ninayotaka kuieleza hayakunichekesha.

Mwaka ule mke wangu alichaguliwa kutunga mtihani wa Jiografia wa pamoja wa kidato cha nne, wa shule kadhaa za huko Ruangwa. Ilikuwa heshima, na ilikuwa mzigo. Masharti waliyopewa watungaji hayakuwa na utani: mtihani usichapwe stesheneri, usitumwe kwa simu, usionwe na mtu. Ukivuja, anayeulizwa wa kwanza ni aliyeutunga. Alinisimulia habari za mwalimu aliyewahi kufundisha naye kituo cha kwanza, ambaye karatasi yake ilionekana mikononi mwa wanafunzi siku mbili kabla. Yule mama alisimamishwa, akajieleza, akaitwa, akajieleza tena, na mwishoni alifungasha vyombo akarudi kwao. Haikujulikana hata siku moja karatasi ilipitia wapi.

“Ndiyo maana nitaufanyia hapa,” akasema. “Nyumbani ndiko salama.”

Mimi ndiye nyumbani. Niliitikia kwa kujiamini kabisa.

Tulikuwa na kompyuta tatu, na hakuna mbili zilizopatana. Ya mezani ilikuwa mzee wa nyumba: ndiyo iliyounganishwa na mashine ya kuchapia, na ndani yake mlikuwa na folda moja kubwa ambayo zile nyingine mbili ziliweza kuifikia kupitia mtandao wa nyumbani. Ya pili ilikuwa laptopu ya mke wangu, mpya, yenye maringo ya kuuliza paswedi kila mara. Ya tatu ilikuwa mtumba tuliopewa na shemeji yangu wa Dar es Salaam, ya kampuni tofauti kabisa na zile mbili, nzuri kwa kuchora ramani. Mwalimu aliandika maswali kwenye laptopu, mimi nikamchorea ramani kwenye ile ya shemeji, na vyote vilikutana kwenye folda ya yule mzee ili vichapwe. Ndivyo ilivyotakiwa. Ilivyokuwa ni kwamba kila tukianza kunakili, katikati ya safari muunganisho unakatika, na kompyuta inatuandikia kwamba folda haionekani, kana kwamba imehama mkoa.

Jumamosi ile ilikatika mara sita. Mke wangu alikuwa anahesabu kwa sauti.

“Sita. Bwana, wewe si fundi?”

“Fundi wa kuchapa, mwalimu. Si fundi wa mitandao.”

“Kwenye kibao chako nje umeandika ‘huduma zote za kompyuta’.”

“Kibao ni matangazo.”

Hakucheka. Alivua miwani, akasugua macho. “Ijumaa ijayo nikirudi nachapa nakala safi, Jumamosi naikabidhi kwa kamati, Jumatatu inayofuata watoto wanafanya. Nina siku moja tu ya kuchapa. Ikikatika siku hiyo mimi nafanyaje? Nikaichape stesheneri ya sokoni?”

“Mpaka Ijumaa itakuwa imetengemaa,” nikasema. “Niachie mimi.”

Jumapili aliondoka na laptopu yake. Maswali aliyaacha kwenye folda ya yule mzee, ndani ya folda ndogo aliyoipa jina mwenyewe kwa herufi kubwa: MTIHANI USIFUNGUE. Nami nikabaki na siku tano na kazi ya kumfurahisha mke.

Jumatatu nilianza vizuri. Elimu yangu ni ya kidato cha nne na Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu, lakini video za mafundi wa ughaibuni nazifuata kwa kutazama vidole vyao. Nilizuia kompyuta ya mezani isilale, kwa sababu ikilala folda nayo inalala. Niliipa anwani moja isiyobadilika, ili wenzake wasiitafute kila siku mahali papya. Nikajaribu kunakili ramani. Ikafika nusu, ikakatika.

Jumanne asubuhi nikakasirika, na mimi nikikasirika huwa natatua mambo kwa kuondoa milango. Niliona kwamba laptopu inauliza paswedi, ile ya shemeji inauliza kwa namna nyingine, mzee haelewi lugha ya yeyote kati yao. Basi nikaondoa paswedi ya folda. Nikaizima ngao ya kompyuta, ile inayozuia wageni. Mwishoni kulikuwa na sehemu ya kuchagua ni nani anaruhusiwa kuifungua folda, na katika orodha yale maneno mawili matamu: kila mtu. Nikayachagua. Moyoni niliona kila mtu ni mimi na mke wangu. Ramani ikanakilika yote, mara moja, bila kukatika. Nikajipongeza kwa chapati mbili.

Jioni ikakatika tena. Jumatano vivyo hivyo. Asubuhi ilikwenda kama maji, ikifika saa kumi hivi, watu wakishatoka kuswali alasiri, inakatika. Nikaanza kuogopa kidogo kidogo, uoga wa mtu aliyeahidi. Nilibadilisha waya wa umeme. Nilihamisha ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, kutoka juu ya kabati kwenda dirishani, kutoka dirishani kwenda juu ya mashine ya kopi. Nilifika hatua ya kuisomea. Wala sioni aibu kusema, kwani mwaka ule nyumba yetu ilikuwa imesomewa kwa mengi.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwenye msiba wa baba, maana bila huo haya yasingetokea.

Baba alipofariki, msiba ulikuwa kwangu, na watu walikuja kutoka Ruponda, Lionja, hadi Chunyu. Kwenye misiba yetu watani wana ruhusa yao. Watakaa juu ya jeneza wakidai walipwe, watabeba kuku, watavaa kanzu ya marehemu na kumwigiza anavyotembea, na mfiwa hawezi kukasirika. Mtani mmoja wa ukoo wetu, mzee wa makamo mwenye sauti ya spika, alinikuta namwandikia shangazi paswedi ya mtandao kwenye kikaratasi ili awajulishe jamaa. Akaninyang’anya kile kikaratasi, akaokota kaa jikoni, akaenda kwenye ukuta wa baraza, akaiandika paswedi ile kwa herufi za ukubwa wa mkono.

“Jamani!” akapaza sauti. “Marehemu alikuwa bahili, mnamjua! Leo anagawa bando! Chukueni kabla hajabadili nia!”

Watu walicheka mpaka wakalia, na kulia ndiko walikokuja kufanya. Alichokifanya mtani msibani huwezi kukifuta kabla ya arobaini. Ni kama kuukataa utani wake. Baada ya arobaini nilipaka chokaa ukuta, kaa likafutika. Lakini paswedi kwenye ruta sikuibadilisha. Kwanza uvivu. Pili, ingekuwaje nimfungie jirani kitu ambacho baba yangu, hata kama ni kwa mdomo wa mtani, alikigawa? Kwetu aliye na kisima hafichi ndoo. Basi majirani wakaendelea kunywa mtandao wangu, nami nikawa sikumbuki tena kama wapo.

Sasa Alhamisi. Saa kumi jioni nilikuwa mbele ya kompyuta, mkono kwenye kipanya, nangoja ikatike nione inakatikaje. Ikakatika. Dakika chache baadaye nikasikia mtu anaongea nyumba ya jirani, upande wa pili wa ua wa makuti. Sauti ya mwanamume, nzito kidogo, ya mtu anayetafuta maneno.

“Mimi kama... mimi kama kaka mkubwa... kwa niaba ya marehemu baba...”

Ile sauti ilikuwa yangu.

Nikajishika mdomo kuhakikisha kwamba umefungwa. Sauti ikaendelea kuongea. Ikajikwaa palepale nilipojikwaa mimi, ikaanza kulia palepale nilipolia mimi, halafu vigelegele vikaifunika. Ilikuwa hotuba yangu ya kumkabidhi dada yangu kwa mumewe, harusini kule Lionja, miezi michache iliyopita.

Mambo niliyoyafikiria kwa nusu dakika ya mwanzo sitayaandika yote. Kuna la jini, kuna la kwamba nimeshakufa na ninasikia kutoka upande wa pili. Halafu akili ikarudi, na ikarudi na jambo baya kuliko jini. Video ile ya harusi haikuwahi kutoka kwangu. Sikumpa hata dada yangu. Nilikuwa bado naikata vipande. Ilikuwa sehemu moja tu duniani: kwenye folda ya yule mzee. Palepale kando ya folda nyingine, ndogo, yenye herufi kubwa.

Nikafungua ukurasa wa ruta, mahali ambapo tangu niinunue sikuwahi kupatazama, penye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Viko kumi na kimoja. Vitatu vyangu: mzee, simu yangu, na kompyuta ya shemeji, ambayo imeandikwa imetoka. Vingine ni simu zenye majina ya watu ninaowasalimia kila siku, na televisheni moja. Chini pameandikwa kwamba ruta inabeba vifaa kumi tu kwa wakati mmoja. Ndipo nikaelewa ugonjwa niliouhangaikia wiki nzima. Watu wakirudi shambani na msikitini jioni, wanajaa. Kompyuta yangu ikipumzika kidogo, nafasi yake inachukuliwa, ikirudi inakuta nyumba imejaa. Hapakuwa na ugomvi wa lugha kati ya kompyuta. Nilikuwa na wageni. Na mimi, kwa kuutibu ugonjwa huo, nilikuwa nimewafungulia kabati.

Niliirudisha ngao, nikaondoa maneno ‘kila mtu’, nikaichomoa ruta ukutani. Hotuba yangu ikakatika katikati ya kilio. Kule upande wa pili nikamsikia bibi jirani akilalamika.

Nilivaa kanzu nikaenda. Ni kuzunguka ua wa makuti tu. Bibi jirani ni Mmakonde, mjane, mtu wa mzaha, na televisheni ile kubwa aliletewa na mwanawe wa Mtwara. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, na mjukuu wake wa kike pembeni ameshika rimoti.

“Baba! Leo umepotea njia?” bibi akasema. “Karibu, karibu. Tulikuwa tunakuangalia unalia. Unalia kama mwali anatolewa ndani!”

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Nimeiangalia siku tatu hii. Tangu Jumanne. Dada yako kapendeza. Wewe hapana.”

“Shikamoo mjomba,” akasema mjukuu.

Nilimjibu nikimtazama. Msichana mpole, amefunga ushungi wake vizuri. Nilikuwa nimesahau habari zake, nikazikumbuka zote kwa mpigo mmoja: anasoma Ruangwa, bwenini, kidato cha nne, na yuko nyumbani kwa ruhusa ya wiki moja. Kesho anarudi.

“Mmeipataje hii video, mama?” nikamwuliza yule msichana, kwa sauti niliyoiona ni ya kawaida.

“Ilijitokeza yenyewe, mjomba. Kwenye televisheni kuna sehemu inaonyesha vilivyo karibu. Nikabonyeza, ikaja kompyuta yako.”

“Na... kulikuwa na vitu vingine?”

Nilipomaliza tu kuuliza nikatamani kuumeza ulimi. Kama alikuwa hajajua, sasa nimemwonyesha. Kama alikuwa anajua, sasa anajua kwamba ninajua.

“Vitu vyenu vya ofisini,” akasema. Alikuwa anaiangalia rimoti. “Sikuvifungua.”

Ninaweza kuisema sentensi ile sasa hivi kwa mapumziko yake na kwa sauti yake. Sikuwa na haki ya kumshuku mtoto wa watu kwa sababu ameangalia rimoti. Watoto wetu wakiulizwa na wakubwa huangalia chini, ndiyo adabu tuliyowafundisha. Na sikuwa na ujasiri wa kumwamini. Halafu hakuwa peke yake. Zile simu nyingine kwenye orodha zilikuwa za nyumba ambazo ndani yake mna ndugu, wapangaji, wanafunzi, na binamu wanaosoma Ruangwa. Ningemwuliza nani? Kila nitakayemwuliza nitakuwa nimemtangazia.

“Kwani unaumwa, baba?” bibi akauliza. “Umekuwa mweupe. Kaa, unywe uji.”

Nikasema niko salama. Nikarudi nyumbani, nikafunga mlango wa ofisi mchana kweupe, jambo ambalo wateja wangu hawajawahi kuliona.

Nilimpigia mke wangu. Alipokea akiwa chumba cha walimu, nikasikia wenzake wakicheka nyuma.

“Niambie, fundi. Imetengemaa?”

“Imetengemaa,” nikasema. Ilikuwa kweli, na ndilo lililoniumiza.

“Kweli? Jamani, mume wangu katengeneza!” akawaambia wenzake, nao wakanipigia makofi. “Mbona sauti hivyo?”

“Hakuna kitu. Nilitaka kukusalimia tu.”

“Wewe? Kusalimia bila sababu? Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa.”

Nilikata simu nikakaa kwenye benchi la wateja. Nitasema niliyoyawaza, kwa kuwa kuyaficha ndiyo dhambi ileile. Niliwaza kunyamaza. Hakuna ajuaye isipokuwa mimi. Folda imefungwa, ruta haina moto, bibi anajua harusi tu. Kesho mke wangu atakuja, atachapa, itafanya kazi vizuri, atanisifu. Na kama hakuna aliyefungua, mambo yameisha. Lakini kila nilipofika kwenye neno ‘kama’ nilimwona yule mama wa kituo cha kwanza, niliyekuwa hata simjui sura, anafunga kamba kwenye boksi la vyombo. Tena nikamwona na sura ya mke wangu.

Ijumaa nilipanda gari la kwanza kwenda Ruangwa. Mimi, ambaye harusi ya dada yangu mwenyewe nilitaka iletwe nyumbani. Dereva ananifahamu, akaniuliza nani anaumwa. Nikasema mimi. Akanipa kiti cha mbele.

Nilimkuta akifundisha. Nilisimama nje ya dirisha mpaka wanafunzi wakaanza kugeuka, naye akageuka. Aliposhusha ile chaki mkononi nilijua amekwisha kuogopa kabla sijasema neno. Alitoka tukasimama kando ya tangi la maji, nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia kwa mtani na kaa, akaninyamazisha kwa mkono.

“Folda ilikuwa wazi tangu lini?”

“Jumanne asubuhi.”

“Mpaka?”

“Jana jioni.”

“Wangapi?”

“Nane. Ninaowajua ni nane. Wengine huingia wakatoka, huenda ni zaidi.”

“Kuna wa kidato cha nne?”

Nikamwambia habari za mjukuu wa bibi jirani, na kwamba anasema hakuifungua.

Alitazama ukuta wa darasa. Alikuwa na chaki usoni, mstari mweupe juu ya nyusi, sikuthubutu kumfuta.

“Niliandika USIFUNGUE,” akasema polepole, “kwa herufi kubwa. Mtoto gani anaona maneno hayo asifungue?”

“Tunaweza kunyamaza,” nikasema. Ndiyo, niliyasema. “Hakuna anayejua.”

Aligeuka akaniangalia, si kwa hasira. Ningependa hasira.

“Mimi najua sasa. Umepanda gari kutoka Nachingwea kuja kunifanya nijue. Halafu unaniambia ninyamaze?” Akajipangusa mikono kwenye kitenge. “Nisubiri hapa.”

Aliingia ofisi ya mkuu wa shule. Nilisubiri mpaka kengele mbili zikalia. Wanafunzi walipita wakiniamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, nami nikawa naitikia kila mmoja nikijiuliza, ni wewe? Sijawahi kuwaogopa watoto namna ile. Nilihesabu koki za tangi. Niliwaza nitakavyomweleza mama mkwe wangu kule Kagera kwamba binti yake amepoteza kazi kwa sababu mkwe wake alitaka ramani inakilike haraka.

Alipotoka, mtihani wake ulikuwa umefutwa. Alitakiwa kutunga mwingine kuanzia swali la kwanza, hapohapo shuleni, kwa mkono, chini ya macho ya mwalimu wa taaluma, na kuumaliza Jumapili kabla ya adhuhuri. Na alitakiwa kuandika barua ya kujieleza.

“Waliuliza ni nani aliyeiacha wazi,” akasema.

“Ukasema nani?”

“Nikasema ilikuwa nyumbani kwangu.”

“Ni mimi niliye...”

“Najua ni wewe,” akasema. “Kwani una barua ya ajira, wewe? Watakuandikia barua gani?”

Nilikaa Ruangwa mpaka Jumapili, kwenye chumba chake cha kupanga. Nilimpikia, nikampelekea chakula shuleni, nikakuta amepinda juu ya karatasi na mwalimu wa taaluma amekaa mbele yake kama askari. Nilijitolea kuandika ile barua ya kujieleza. Barua ndiyo kazi yangu, nimewaandikia nusu ya wilaya barua za maombi. Akakataa. Aliiandika mwenyewe, ukurasa mmoja, na aliponionyesha, mimi sikuwemo. Palikuwa na “sikuchukua tahadhari ya kutosha kuhusu vifaa vya nyumbani kwangu”. Nilikuwa nimegeuka kifaa. Sikuwa na la kulalamika.

Watoto walifanya mtihani mpya Jumatatu, na wengine wakafeli kwa juhudi zao wenyewe. Kwamba ule wa kwanza ulifunguliwa au haukufunguliwa, sijui hadi leo. Bibi jirani bado anakuja kukaa kwenye benchi langu, na mjukuu wake akiwa likizo ananiamkia kama kawaida. Sikumwuliza tena.

Kilichofuata kilikuwa kungoja. Barua ya majibu haikuja wiki ya kwanza wala ya pili. Mke wangu alikuja Ijumaa na kuondoka Jumapili kama ratiba yake, tukaongea habari za maharage na umeme. Hakunigombeza. Mimi ndiye niliyekuwa nashtuka kila simu yake ikilia, nikamwona na yeye ananitazama nikishtuka, akageuza uso. Nilidhani katika nyumba ile mwenye hofu ni mmoja, na kwamba yeye ni shujaa, mtu wa Kagera, amezaliwa milimani.

Barua ilikuja wiki ya tano. Alinipigia mchana. “Njoo,” akasema tu. Nikapanda gari la Ruangwa kwa mara ya pili katika mwaka mmoja; dereva safari hii hakuuliza, alinipa pole. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya chumba chake, bahasha mapajani, haijafunguliwa.

“Soma wewe,” akasema. “Kazi yako si barua?”

Niliichana. Maandishi yaliruka mbele ya macho yangu, nikaruka salamu, nikaruka kumbukumbu namba, nikawa natafuta kitenzi. Amepewa onyo. Ameondolewa kwenye kutunga na kusimamia mitihani ya pamoja hadi atakapojulishwa vinginevyo. Anaendelea na kazi yake ya kufundisha kituoni hapo.

“Rudia hilo la mwisho,” akasema.

“Unaendelea na kazi.”

“Rudia.”

Nikarudia. Alishusha pumzi ndefu mpaka nikadhani analia, lakini hakulia. Alinyanyuka, akafungua mlango wa chumba, nami nikaingia nyuma yake kutafuta maji ya kunywa. Ukutani hapakuwa na ramani zake. Rafu ya vitabu ilikuwa tupu. Pembeni ya kitanda kulikuwa na maboksi manne, yamefungwa kamba, na juu ya kila moja ameandika kwa kalamu nene yanakokwenda, mji wa kwao: Bukoba, Bukoba, Bukoba, Bukoba.

“Tangu lini?” nikauliza.

“Tangu Jumapili ile nilipomaliza kutunga. Nilikuwa nafungua boksi, natoa nguo ninayotaka kuvaa, nalifunga tena.”

“Hukuniambia.”

“Ungelala?”

Alinipa kisu cha jikoni, na tukaanza kukata kamba.